Majoho ya Kwaya na Maji ya Kwenye Kifusi

Naishi Chemchem, hapa Tabora, na bomba la uani kwangu hutoa maji siku linapojisikia. Nimezoea kutaniwa. Mwanamke aliyemaliza maisha yake ya kazi akitafuta maji chini ya ardhi anaishi kwenye mtaa wenye jina kama hilo, halafu asubuhi anaonekana na ndoo akielekea kwa jirani. Majirani hawachoki na utani huo.

Ninyi mnaoanza kazi hii, mnaokuja kunisalimia na kompyuta mgongoni na viatu ambavyo bado havijaona tope, mmeniomba mara nyingi niwaandikie nilichojifunza. Kila mara nilisema nitaandika, halafu nikaenda kupalilia. Mwaka huu mvua imechelewa na hakuna cha kupalilia, kwa hiyo sina kisingizio.

Hesabu sitawafundisha. Hesabu mnazijua kunishinda, na hata mimi zangu zilikuwa sahihi siku zote. Mtaona baadaye zilinipeleka wapi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Maganga, fundi mkuu wa mashine ya kuchimbia visima, Mnyamwezi wa Sikonge, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Hata kanisani alisali kwa sauti hiyohiyo, na Wamoraviani wenzake walikuwa wanamwachia benchi zima. Wiki yangu ya kwanza alinipa kifaa cha kupimia kina cha maji, ule utepe mrefu wenye ncha inayolia ikigusa maji. Nikaushusha kisimani kwa mbwembwe zote. Sikuwa nimefunga mwisho wake popote. Utepe ukaisha mikononi, ukateleza, ukaenda.

Mzee Maganga akachungulia shimo, akanitazama.

"Sasa kimepima," akasema. "Kimefika mpaka chini kabisa. Shida ni nani atakwenda kukisoma."

Nilitaka kulia. Yeye akaenda kwenye gari, akarudi na mita ya chuma ya mafundi ujenzi na kipande cha chaki. Akaipaka chaki mita ile urefu wa mkono, akaishusha mpaka akajua imeingia majini, akashika alama kwenye mdomo wa bomba, akaivuta juu. Chaki ilikuwa imelowa mpaka mahali fulani na kukauka kuanzia hapo. Ukitoa sehemu iliyolowa kwenye urefu ulioshusha, umepata kina cha maji. Hakuna betri wala kengele. Nawaambia hili kwa sababu siku moja betri zenu zitakufa mkiwa mbali na duka, na mtu mwenye chaki mfukoni atarudi na namba wakati wenzake wanarudi na maelezo.

Jambo jingine alilonifundisha ni kupaka rangi alama moja kwenye mdomo wa bomba, ili kila anayepima apimie hapohapo. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Basi mwaka mzima nikapima kisima kimoja mara upande wa juu wa bomba, mara upande uliokatwa vibaya, kisha nikaandika taarifa ndefu kuhusu jinsi maji yanavyopanda na kushuka kwa namna ya ajabu. Maji hayakuwa yamepanda wala kushuka. Ni mimi niliyekuwa nahamahama. Taarifa ile Mzee Maganga aliisoma yote, akanirudishia na kopo la rangi nyekundu.

Miaka mingi baadaye, Mzee Maganga akiwa ameshastaafu, niliajiriwa kwa mkataba na mgodi mmoja upande wa Igunga. Mgodi sitautaja. Kijiji kilichokuwa chini yake nitakiita Ng'wakuba, ingawa silo jina lake. Ukiacha lami ya kwenda Mwanza unaingia njia ya vumbi, unapita majaruba ya mpunga na mashamba ya pamba, halafu ardhi inainuka kidogo, na kwenye mwinuko huo ndiko walikochimba dhahabu kwa shimo la wazi.

Nilipofika, shimo lilikuwa limeshafukiwa. Walikuwa wamerudisha mawe waliyoyatoa, wakasawazisha kwa matingatinga, wakatandaza udongo juu, wakapanda nyasi. Kwa mbali ungesema ni kilima cha Mungu. Wenzetu wa kusini wanaochimba makaa ya mawe hufanya vivyo hivyo, na kifusi ni kifusi, kiwe cha makaa au cha dhahabu. Mwamba ukishavunjwa haurudi ulivyokuwa. Kabla ya kuchimbwa, maji hupita kwenye nyufa zake polepole. Ukiuvunja ukaurudisha shimoni, umeweka kitu kipya kabisa, chenye mapengo na vumbi, mahali pengine kigumu kama sakafu na mahali pengine chenye nafasi tupu kama gunia la nazi. Kazi yangu ilikuwa kusema maji ya mvua yatapitaje humo, na yatachukua muda gani kufika kisima cha Ng'wakuba.

Kisima hicho kilikuwa kwenye ukingo wa mbuga, chini ya kilima. Kilikuwepo kabla ya mgodi na kabla ya reli. Watu wa pale husimulia kwamba misafara iliyotoka Tabora kwenda ziwani ilipiga kambi hapo, na wapagazi waliongeza mwendo siku nzima kwa sababu walijua jioni wanakunywa maji ya Ng'wakuba. Yalikuwa maji matamu kweli. Niliyanywa mwenyewe siku ya kwanza.

Nikaanza kazi. Juu ya kilima nilichomeka pete ya chuma ardhini, nikajaza maji, nikaketi kuangalia yanavyozama. Hayakuzama. Nilikula chakula cha mchana, nikasinzia, nikaamka, maji yapo. Matingatinga yalikuwa yamekanyaga udongo ule mpaka ukawa sahani. Nikaandika: mvua haipenyi.

Kisha tukachimba visima vitatu vya uangalizi katikati ya kifusi. Kuchimba kwenye kifusi ni mateso, mawe yanazunguka na ncha badala ya kuvunjika. Kwenye kisima cha pili tulipofika chini sana, mashine ikaacha kutoa vumbi. Hewa tunayoisukuma chini, ambayo kazi yake ni kupandisha vumbi juu, ikapotea. Wakati huohuo kisima cha kwanza, hatua thelathini kutoka pale, kikaanza kupiga mluzi. Mfuniko wake uliruka, na kofia ya mchimbaji mmoja aliyekuwa amekiinamia ikapaa. Tulicheka mpaka tukashika magoti. Kuta za shimo zikawa zinabomoka, tukaamua kuishia juu kidogo ya pale, tukaweka mabomba, tukafunga kazi.

Nikavuta maji kwenye visima hivyo, nikapima yanavyorudi. Yalirudi kwa uvivu mkubwa. Nikakokotoa. Jibu langu lilikuwa kwamba maji ya kwenye kifusi yatafika kisima cha Ng'wakuba baada ya miaka arobaini, na kwa muda huo yatakuwa yamechujwa. Niliandika barua, nikaweka sahihi, na mkuu wa mazingira wa mgodi, Bwana Ezekieli, akaibandika nakala yake kwenye ubao wa kijiji.

Mwaka uliofuata, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji alikuja ofisini kwangu. Aliitwa Mama Kalunde, mtu mzima, mrefu, kiongozi wa kwaya ya Wakatoliki pale Ng'wakuba. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

"Fundi, maji yamebadilika," akasema. "Yana uchungu kidogo mwishoni, kama umelamba msumari. Na watoto wanaharisha."

Nikamwambia mvua za kwanza huleta uchafu kisimani, wachemshe. Akashukuru, akaondoka. Miezi miwili baadaye akarudi na maneno yaleyale, akaongeza kwamba na ndama wanaharisha, na mvua za kwanza zimeshapita zamani. Nikamweleza kwa upole, tena kwa kuchora, kwa nini haiwezi kuwa kifusi. Nilichora vizuri sana. Aliutazama mchoro wangu, akaniuliza kama anaweza kuondoka nao. Nikampa, nikijiona mwalimu mwema.

Ofisi ya serikali ikataka jaribio la rangi. Rangi hiyo ni unga mwekundu, ukiingia majini unageuka kijani cha kung'aa, na haumdhuru mtu. Unaumwaga mahali maji yanapoingilia, halafu unasubiri utokee wapi na lini. Mimi niliona ni kutimiza tu taratibu. Pembeni ya kifusi, pale kinapokutana na ukuta wa shimo la zamani, kulikuwa na bonde dogo lililotokea baada ya kifusi kutitia, na kijito cha masika kilikuwa kinaingia humo. Nikamwaga rangi hapo mvua iliponyesha. Kijiji sikukiarifu. Ningewaarifu nini? Kwa hesabu zangu, ingewafikia wajukuu zao.

Siku ya tisa, asubuhi, Mama Kalunde akaingia ofisini amebeba beseni kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake watatu wa kwaya. Nikasema shikamoo, wakaitikia bila kunitazama. Akatua beseni mezani kwangu, juu ya makaratasi, akatoa joho la kwaya, akalikung'uta, akalishika mabegani kama analipima kwenye mwili wangu.

Majoho yao yalikuwa meupe. Niliyaona mwenyewe siku ya Pasaka. Hili lilikuwa na rangi ya embe bichi, na pale dirishani jua lilipolipiga, liling'aa.

"Yako kumi na nane," akasema Mama Kalunde. "Tumefua jana kwa ajili ya Jumapili, askofu anakuja. Tumesuuza mara tatu. Kadiri tunavyosuuza ndivyo yanavyozidi. Wewe ni mtu wa maji, fundi. Tueleze hii ni nini."

Nilijua kabla hajamaliza. Mmoja wa wale wanawake akasema kwa sauti ndogo, "Uji wa watoto pia ulikuwa kijani. Tukadhani ni unga."

Niliwaambia ile ni rangi yangu, haina madhara, nimeimwaga mimi kilimani. Mama Kalunde akakunja joho taratibu, akalirudisha kwenye beseni.

"Umeimwaga lini?"

"Siku tisa zilizopita."

Akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza wimbo ambao mtu ameukosea. Kisha wakaondoka. Kuhusu askofu mtataka kujua: aliwaona majohoni, akasema ni rangi nzuri ya majira yale, na kwaya ikaimba.

Bwana Ezekieli nilimweleza mchana uleule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata.

"Dada Nyamizi, kuna sabuni siku hizi zina rangi," akasema. "Wanawake wananunua mnadani hawajui wamenunua nini. Andika kwamba kuna uwezekano wa sabuni. Uwezekano tu. Halafu turudie jaribio masika yajayo, kwa utulivu."

Nilimwomba siku tatu. Nilipanda basi Igunga, nikarudi Tabora. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume aliyekuwa anaumwa mgongo, na njia nzima nilikuwa najiambia kwamba neno uwezekano si uongo.

Mzee Maganga alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete. Walikuwa wamemfanyia upasuaji wa jicho, na alikuwa amefungwa bandeji upande mmoja, anagombana na muuguzi kuhusu redio. Nilimpelekea karanga. Nikamsimulia yote: pete, visima, miaka arobaini, majoho. Aliposikia majoho alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Kisha akatafuna karanga.

"Wakati mnachimba, shimo liliwafanyia nini?"

Nikamweleza ule mluzi na ile kofia. Na hapo, nikiwa bado nasimulia, nikaelewa. Hewa haiwezi kwenda hatua thelathini chini ya ardhi kwa kufumba na kufumbua kama haina njia. Na penye njia ya hewa, pana njia ya maji. Shimo lilikuwa limeniambia kwa mluzi, mimi nikacheka.

"Binti," akasema Mzee Maganga, "kile kifusi hakikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu walikimwaga. Umewauliza walikimwagaje?"

Sikuwa nimewauliza. Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye kilima kile isipokuwa watu waliokijenga.

Dereva mmoja wa malori ya mgodi, Shabani, alikuwa ameacha kazi na sasa alikuwa anasomba mchanga wa ujenzi palepale mjini. Nilimkuta anapakua nyuma ya soko. Nilipomwuliza, alinishangaa kidogo.

"Tulikuwa tunarudi kinyumenyume mpaka ukingoni mwa shimo, tunainua bodi, mzigo unashuka wenyewe," akasema. "Mawe makubwa yanakimbia mpaka chini kabisa. Kifusi laini kinabaki juu. Ilikuwa hivyo siku zote. Sisi tulikuwa tunapigiana dau jiwe la nani litafika mbali."

Akachukua beleshi, akapanda juu ya lundo la kokoto lililochanganyika na mchanga, akamwaga beleshi moja. Kokoto zikateremka mpaka miguuni pangu. Mchanga ukabaki pale juu alipoumwaga. Alirudia mara tatu, kwa sababu nilimwomba arudie.

Basi ndivyo kilivyokuwa kilima changu. Juu udongo uliokanyagwa, usiopenya. Katikati kifusi laini, ambamo visima vyangu vilikuwa vimeishia, na ambamo maji yanakwenda kwa uvivu kweli, kama nilivyokokotoa. Chini kabisa, kwenye sakafu ya shimo la zamani, mawe makubwa yaliyoachana, mapengo yanayoingia mkono mzima. Kijito cha masika kilikuwa kinaingia kwenye lile bonde la pembeni, kinashuka kando ya ukuta, kinafika kwenye mawe, na kutoka hapo kinakimbia. Na maji yanayopita kwenye mawe yaliyovunjwa upya huokota chumvi zake. Ndiyo ule msumari wa Mama Kalunde. Ndiyo tumbo la watoto na la ndama.

Nilirudi mgodini siku ya tatu, nikampa Bwana Ezekieli taarifa ya kurasa mbili. Neno sabuni halikuwemo. Aliisoma amesimama.

"Unajua hii inamaanisha nini kwako," akasema.

"Najua."

"Na mimi nitaipeleka serikalini," akasema, akizikunja zile kurasa. "Lakini kijijini utakwenda kusema wewe."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Nimewahi kusimama mbele ya mainjinia, mbele ya wakuu wa wilaya, mara moja hata mbele ya waziri, lakini hakuna siku iliyonipa kazi kama ile. Niliwaambia niliwaandikia barua isiyo ya kweli. Sikudanganya kwa makusudi, lakini nilipima mahali rahisi kupima, nikaacha mahali pagumu, halafu nikaweka sahihi kwa kilima chote. Nikawaeleza mawe yalivyokwenda chini. Nikamtaja Shabani, kwa sababu alistahili.

Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo miaka arobaini yako ndiyo siku tisa zetu?"

Watu wakacheka, na mimi ningependa kuwaambia kwamba kicheko kile kilinipunguzia. Hakikunipunguzia.

Kisha akasimama Mama Kalunde. Alikuwa na karatasi mkononi, nikaitambua. Ulikuwa mchoro wangu.

"Nilikuja kwako mara mbili," akasema. "Nilikuambia yana uchungu. Nilikuambia watoto, nikakuambia ndama. Lile daftari lako unaloandika kila kitu, hayo uliyaandika?"

"Sikuyaandika, mama."

"Kwa nini?"

Niliwaza majibu kadhaa ya kitaalamu. Nikasema, "Niliona ni maneno tu."

Akakaa. Mkutano ukaendelea na mambo ya nini kifanyike.

Wanangu, katika yote niliyowaandikia, hili ndilo ningependa mlishike. Mtu anayechota maji kila siku kwa miaka hamsini ana ulimi unaopima kuliko kifaa chako. Akikuambia yamebadilika, andika tarehe, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama huyaamini. Hasa kama huyaamini.

Yaliyofuata yalichukua misimu miwili. Mgodi ulichimba mtaro kukizungusha kijito kisiingie kwenye lile bonde. Bonde lenyewe lilijazwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaonasa magari masika, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likishindiliwa likiwa na unyevu. Hakuna kizibo kizuri kama udongo ule ukiujulia. Ukiushindilia mkavu unapasuka. Ukiushindilia umelowa sana unateleza. Chukua kiganjani, finya, ukishikana bila kukuachia maji, huo ndio. Na upande wa pili wa mwinuko, kwenye mwamba ambao haujaguswa na mtu, kikachimbwa kisima kipya cha pampu. Nilichagua mahali pale kwa kuzunguka siku nne na Mama Kalunde na wanawake wenzake, ambao walinionyesha mahali nyasi hubaki kijani mwezi Septemba. Vipimo vyangu vilikubaliana nao.

Kisima cha zamani kilitulia polepole. Ng'ombe walirudi kunywa hapo. Watu hawakurudi, na siwalaumu.

Mkataba wangu haukuongezwa. Nilikaa nyumbani miezi saba nikipika vitumbua vya kuuza, na kusema kweli vilikuwa vibaya, majirani walinunua kwa huruma. Halafu ofisi ya maji ikaniita. Mtu fulani pale alikuwa amesoma zile kurasa mbili, akataka mtu aliyeziandika. Wakanipa wilaya nzima ya kupima visima, na Ng'wakuba ilikuwa mojawapo, mara nne kila mwaka, mpaka nilipostaafu.

Mara ya kwanza niliporudi kupima kisima kipya, Mama Kalunde alikuwa ananisubiri. Nikamwamkia, akaitikia. Akapampu, akajaza kikombe cha bati, akanipa.

"Utakunywa wewe kwanza," akasema. "Kila ukija. Sisi tutakunywa baada yako."

Nikanywa. Alinitazama mpaka nilipomeza la mwisho, ndipo akajaza cha kwake.

Ikawa ndiyo desturi. Nilifika, niliamkia, nilipewa kikombe, nilikunywa, halafu ndipo niliruhusiwa kufungua mfuniko na kupima. Hakukuwa na ukali ndani yake, na hakukuwa na mzaha pia. Mwaka wa kwanza iliniuma. Mwaka wa tatu nilikuwa naingojea, maana siku nyingine nilifika nina kiu kweli. Tulizoeana. Alinipa habari za kwaya, nilimpa habari za watoto wangu. Maneno yake kuhusu maji niliyaandika yote, ukurasa wa kulia, mkabala na namba zangu. Lakini kikombe kilikuwa palepale. Wafanyakazi wenzangu waliniuliza kwa nini nakubali kufanyiwa hivyo na mtu wa kijijini.

Nilipokwenda mara ya mwisho nilimwambia kwamba nastaafu, na kwamba robo ijayo atakuja mtu mwingine. Alikuwa amezeeka, anapampu kwa kuegemea. Nilitaka kumsaidia, akakataa kwa kidole. Akajaza kikombe, nikanyoosha mkono kukipokea kama siku zote.

Hakunipa. Alikunywa yeye, chote, akajipangusa mdomo kwa upande wa khanga. Kisha akajaza kingine, akanipa, akaanza kuniuliza kuhusu wajukuu.